Bakteria RMBPC-2: makofi yangoje kwanza

Bandugu wa fakilte, kila mara mtu akileta hapa habari ya bakteria zilizobadilishwa jeni, tunapiga makofi mbele ya kuuliza matokeo. Basi tuangalie hii ya luzerni, ambayo Marekani iliruhusu iuzwe mwaka 1997, tena kwa mipaka.

Wazo lenyewe ni zuri, sikatai. Ndani ya kifundo cha mzizi, bakteria inalishwa na mmea, na kwa nguvu hiyo inageuza azoti ya hewa. Wakaiongezea jeni za kupitisha chakula kile, pamoja na nifA, inayoamsha kazi yenyewe.

Shambani je? Pale udongo ulipokuwa maskini kuliko kwingine, mavuno yalipanda karibu asilimia 13. Penye azoti nyingi ao bakteria nyingi za asili, hakuna kitu. Na wakaiachia jeni ya kuvumilia streptomisini, alama ya maabara tu. Dawa ya kifua kikuu, jamani! Hapo mi sisamehe.

Kwetu Kivu ya Kusini udongo mwingi uko na asidi, fosfori haitoshi. Wakati wa memwari yangu nilipasua vifundo vya maharagi kule Walungu: vingi vyeupe ndani, ile rangi nyekundu hakuna. Bakteria zilikuwamo, lakini zimelala. Mama mwenye shamba akaniuliza: “Sasa mwanangu, nitie nini?” Sikumtajia jeni hata moja. Nilimwambia majivu, na mbolea ya mbuzi kama anayo. Hakuwa na mbuzi.