Fedha za Miche

Msomaji, ukikipata kitabu cha Wangari Maathai kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006, yamkini utakisoma kwa ajili ya mambo yake makubwa: kuulinda msitu wa Karura, vifungo, na Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Nakuomba usome pia mambo yake madogo, kwani ndiyo yaliyokipa kitabu uzito.

Mwandishi alizaliwa Ihithe, katika Nyeri, mwaka 1940. Asimulia kwamba kaka yake Nderitu alimwuliza mama sababu ya Wangari kutokwenda shule, na mama akakubali aende. Baba alikuwa mbali, akifanya kazi kwa setla huko Nakuru. Mama hakuwa na mshahara. Alikuwa na jembe na shamba la chakula. Hata hivyo neno lake moja liligeuza maisha ya mtoto.

Mbele zaidi, kitabu chaonyesha jinsi kahawa na chai zilivyotwaa mahali pa chakula, kuni zikaadimika, na watoto wakadhoofika kwa kukosa lishe bora. Hapa mwandishi anena kweli, nasi yafaa tuongeze sababu. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950, hati nyingi zilitolewa kwa jina la mume. Na mwenye jina katika chama cha ushirika ndiye aliyelipwa. Mke alichuma, mume akapokea. Basi aliyejua kwamba chungu ni kitupu siye aliyeshika fedha.

Ndipo tunapoona thamani ya Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka 1977. Wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa malipo ya aliyeotesha, si ya mwenye hati.

Lakini hapa pana upungufu. Kitabu chaufuata mche hata ukawa mti, ila fedha hakiifuati hata nyumbani. Nani aliamua kama itanunua daftari, mbuzi au sukari? Je, mke alipoanza kupata, mume hakupunguza fedha zake za matumizi? Msomaji mvivu aweza kudhani kwamba kupata fedha na kuwa na kauli ni jambo moja. Kitabu chenyewe chamkanusha. Mama wa Ihithe alikuwa na kauli bila mshahara. Binti yake, mwalimu wa Chuo Kikuu mwenye shahada ya udaktari tangu mwaka 1971, alikuwa na mshahara, wala haukuiokoa ndoa yake isivunjike mahakamani.

Ukikifunga kitabu, tazama kwenu siku ya malipo ya chai au maziwa. Usiulize tu nani amepata. Uliza nani ahesabu, na nani asikilizwa fedha zikiisha kuhesabiwa.