Saa ya Kukaa Kimya

Anayeanza kujifunza tafakuri huuliza kwanza namna ya kukaa: mgongo uwe vipi, pumzi iende vipi, macho yafumbwe au yaachwe wazi. Mimi naona la kwanza ni saa. Mgongo hunyooka kwa mazoezi. Saa mbaya haizoeleki.

Hapa Kisumu tuna neema tusiyoitaja. Ikweta inapita Maseno, safari fupi tu kwa matatu, kwa hiyo jua letu halihamihami. Mwaka mzima kuchomoza kwake hupishana kwa takriban nusu saa, ilhali London tofauti hupita saa 3. Wa huko akitaka kutulia kabla ya jua hana budi kupanga usingizi wake upya kila msimu. Sisi tukichagua saa 11 alfajiri, Januari na Julai zitaikuta palepale, gizani.

Wengi waliijua saa hii kabla yetu. Masingasinga, ambao mafundi wao walikuja na reli iliyofika hapa Desemba 1901, huyaita majira hayo amrit vela, na ndipo hulikumbuka jina la Mungu. Waislamu husimama kwa tahajudi kabla ya adhana ya alfajiri.

Lakini ufundi wa kuchagua saa nauona zaidi kwa wavuvi wa omena, samaki wadogo wa ziwa letu. Omena hufuata mwanga: taa huelea majini usiku wa giza, samaki wakakusanyika, wavu ukashushwa. Mbalamwezi ikijaa, mwanga hutapakaa ziwa zima, taa haina nguvu tena, na wavuvi hupumzika. Hawashindani na mwezi. Wanajua kuwa mikono ileile na wavu uleule, saa isiyofaa, hurudi mitupu. Fikira nazo ndivyo zilivyo. Alfajiri, uangalifu mdogo tu juu ya pumzi huzikusanya; mchana, kila kitu kinang'aa na kila kitu kinaita.

Adhuhuri ikipita, upepo wa ziwani huanza kuvuma na joto limeshatuchosha. Jioni huja na mbu, mara nyingi na radi. Jioni naiheshimu kwa dua na maongezi ya nyumbani, ila simshauri anayeanza aichague.

Kwa mama anayengoja mashua ufukweni Dunga, alfajiri ndiyo soko lenyewe. Huyo asilazimishwe. Saa yake ni ile ya baada ya kuwaanika omena, jua likiwa linamfanyia kazi na mikono yake haina la kufanya. Ni saa halali kabisa, mradi iwe ileile kila siku.

Nawe msomaji, kama hakuna kazi inayokuita alfajiri, kesho amka saa 11. Simu iache chumba kingine, keti robo saa, fuata pumzi. Na usiibadilishe saa hiyo kabla mwezi haujaisha.