Pongezi kwa Wapishi wa Halua

Haifai kumsifu mpishi wa halua pasipo kumtaja mkulima wa Uluguru, ambaye huteremsha iliki na mdalasini kutoka Kinole na Matombo hata soko la Morogoro. Na kwa kuwa sukari nayo hutoka Kilombero na Mtibwa, katika mkoa uo huo, basi halua, iliyokuja pwani kwa majahazi ya Waomani, huku bara haikosi jamaa. Waturuki wanayo lokumu yao, ya wanga, sukari na maji ya waridi, isiyotiwa samli asilani. Yetu huishinda, kwa rai yangu, kwa samli hiyo hiyo, zafarani na kungumanga. Lakini sifa kubwa ni ya subira ya mpishi, asimamaye mbele ya sufuria ya shaba, moshi wa kuni ukimwingia machoni, akikoroga kwa mwiko mrefu zaidi ya saa nzima bila ya kupumzika, maana wanga ukiachwa kidogo hushika chini, hata halua ing'ae na samli ianze kujitenga pembeni. Ujira wake, aghalabu, ni haba. Nami huila kwa kahawa chungu, wala sijui namna nyingine.