Kuijua dawa iliyotengenezwa sawasawa

Katika hoteli nyingi za mji wa Migori, ukiagiza dawa utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, ndimu na asali. Kwa mafua, sina neno. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya baa, ya baridi, iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Mfano wake ulikuwa caipirinha ya Brazili: ndimu zilizopondwa na sukari, barafu, na cachaça, pombe kali ya maji ya miwa. Nairobi cachaça ikaondolewa, vodka ikaingia, kisha asali na kijiti.

Anza na kijiti, maana ndicho kinachowaumbua wababaishaji. Asali haiyeyuki upesi kwenye baridi, na kinywaji chote kimejengwa juu ya ukaidi huo. Kijiti huja kimevikwa asali nzito. Mnywaji mwenyewe anaponda ndimu nacho, akiongeza utamu kidogo kidogo hadi aridhike. Ukiletewa glasi iliyokwisha kukolea sukari, na kijiti kikavu kimesimama humo kama pambo, rudisha. Asali nyepesi nayo hujitambulisha: huteleza mara moja hadi chini ya glasi.

Kisha nusa. Harufu ya ndimu hukaa kwenye mafuta ya ganda, kwa hiyo lazima uone vipande vyenye maganda. Maji ya ndimu ya chupa hayana harufu hiyo. Wapo pia wanaoponda kwa hasira mpaka ule utando mweupe unatoa uchungu. Hao wapewe kazi ya kutwanga kisamvu. Sukari ya punje, kama ile ya kiwanda cha Sony pale Awendo, hukwaruza ganda vizuri bila kutumia nguvu nyingi.

Barafu ivunjwevunjwe, isisagwe ikawa unga.

Kuhusu pombe, wapenzi wa vodka watanisamehe. Sisi wa Suna, hapa Migori, majirani wa miwa ya Uriri na Awendo, tuna sababu ya kuagiza dawa ya Kenya Cane, pombe ya miwa iliyo karibu zaidi na asili ya Brazili. Chang'aa usiiguse: moshi wake unaifunika ndimu, na hujui kilichomo.

Mtihani wa mwisho ni glasi ikifika nusu. Dawa nzuri bado inauma ulimi kwa ndimu. Mbovu imeshakuwa maji ya sukari.