Alethe wa Ufipa: Picha Inayotafutwa kwa Kufuata Siafu

Alethe wa kifua cha kahawia ni ndege wa sakafu ya msitu, mwenye uzito wa gramu 30 hivi, mgongo wa kahawia iliyoiva, koo jeupe na mstari mweupe juu ya jicho. Spishi yake imeenea kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya, lakini wale wa uwanda wa juu wa Ufipa wana jina lao la kisayansi, ufipae, walilopewa na mtaalamu wa ndege Reginald Moreau mwaka 1942. Huku mkoani Rukwa, Tanzania, wanaishi katika mabaki ya misitu ya milimani. Msitu mkubwa kati ya hiyo ni Mbizi, jirani na mji wa Sumbawanga, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000.

Anayemwandama ndege huyu huambulia majani yanayotikisika, kwa kuwa hujitosa vichakani mara tu anaposikia nyayo. Njia inayofaulu ni kutangulia mahali atakapokula. Siafu wanapowinda, mende, panzi na buibui hukurupuka kutoka chini ya majani makavu, naye alethe huwadaka. Uchunguzi katika msitu wa Kakamega, Kenya, ulionyesha kwamba ndege wa tabia hii hupungua sana msitu unapokatwa vipande vipande. Kwa msitu wa mabaki kama Mbizi, hilo ni jambo zito.

Kazi huanza kwa kuusoma msafara wa siafu. Siafu wanaotoka kwenda kuwinda hawana kitu mdomoni. Wanaorudi wamebeba mawindo. Kwa hiyo mbele ya msafara ni upande wanakotokea wenye mizigo. Huko mstari mwembamba hutawanyika na kuwa zulia pana, na ndege hukusanyika ukingoni mwake. Mpiga picha hukaa pembeni, mita 8 hadi 10 kutoka ukingo huo, suruali imechomekwa ndani ya soksi, kisha hatikisiki. Siafu wakisogea, naye husogea taratibu na kutulia tena.

Alethe hutua kwenye kishina chembamba kisichofika mita moja kutoka ardhini, hutazama, hushuka kudaka, kisha hupanda tena. Vishina vya aina hiyo vilivyo mbele ya siafu ndivyo vya kuelekezea lenzi mapema, fokasi ikiwa ya nukta moja ili iangukie kwenye jicho na si kwenye majani ya mbele.

Ugumu mkubwa ni mwanga. Siku ya mawingu, nje ya msitu huweza kuwa na luksi 10,000; chini ya miti ikifika asilimia 2 tu, zinabaki 200. Kwa lenzi ya milimita 400 au 500 iliyofunguliwa hadi f/4 na ISO 3200, kiasi hicho huruhusu kasi ya sekunde 1/160. Kasi hiyo inatosha ndege akiwa ametulia kishinani, si anaposhuka. Kamera lazima iegemezwe, na picha hupigwa katika sekunde zile chache za kutazama. Flashi huachwa kwa sababu humfukuza.

Kamera za kutegwa, zinazojipiga zenyewe zinapohisi joto la mnyama anayepita, ni msaada mwingine. Katika milima ya Udzungwa, picha za kamera hizo mwaka 2005 zilifichua sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) asiyejulikana, aliyeelezwa rasmi mwaka 2008. Lakini sengi yule ana uzito wa gramu 700 hivi. Kwa ndege wa gramu 30, joto la mwili ni dogo mno kwa kihisio kilicho mbali, hivyo kamera hutegwa karibu, mita moja na nusu hadi mbili, na chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini.

Mbizi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo kibali hutangulia safari. Vichaka havikatwi ili kusafisha mandhari, kwani ndimo ndege anamojificha na kuzaliana, wala sauti iliyorekodiwa haichezwi msimu wa kutaga. Picha yenye manufaa huonyesha koo, kifua na mstari wa jicho kwa uwazi, pamoja na tarehe na mahali, ili imsaidie mtunza msitu kujua kwamba ndege bado yupo.