Kismet Mbele ya Watazamaji wa Kikoneni

Filamu ya Kismet, iliyoongozwa na Vincente Minnelli kwa kampuni ya MGM mwaka 1955, aghalabu huhesabiwa na wahakiki wa Magharibi kuwa kazi hafifu: mavazi mengi, nyimbo nyingi, kisa kidogo. Nami nilipokuwa masomoni ng'ambo niliikebehi pamoja na wenzangu. Hukumu hiyo nimeitilia shaka tangu nilipoitazama Kikoneni, katika nchi ya Wadigo, uani kwa jamaa zangu, wazee kwa vijana wakiwa mikekani nami nikiwafasiria maneno.

Mshairi fukara wa Baghdad anadhaniwa kuwa ni Haji, ombaomba mashuhuri. Kwa kosa hilo anapata vipande 100 vya dhahabu, na kabla ya siku kwisha ameufikia ua wa Waziri. Mwanzoni tu mzee mmoja alisema, “Huyu ni Abunuwasi,” wala hakuna aliyembishia. Kauli hiyo fupi ni uhakiki kamili. Aliyekwisha kuitambua hekaya hadai uhalisi. Hungojea hila, akaipima kwa werevu wake. Wanaolalamika kwamba Baghdad ile ni ya mbao na rangi wanaidai hekaya deni isilokopa.

Kuimba hakukumkera mtu. Pwani yetu imelelewa na filamu za Kihindi, jambo ambalo Laura Fair amelieleza kwa upande wa Tanzania katika Reel Pleasures (2018). Lawama ilikuwa kwamba muziki “hauna ngoma”. Masikio yaliyozoea sengenya hayakudanganyika kwa vilemba: sauti zile zimetoholewa na Robert Wright na George Forrest kutoka kwa Borodin, Mrusi aliyefariki mwaka 1887.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya kifo cha Waziri. Abunuwasi huwaaibisha wakubwa, hawaui. Haji anamzamisha Waziri bwawani, kisha anaondoka na Lalume, mke wa marehemu, na mtazamaji anatarajiwa acheke. Wanawake hawakucheka. “Mke wa watu amekaa eda lini?” aliuliza mmoja wao. Vijana walijibu kwamba dhalimu hana eda. Mabishano hayo yaliendelea hata baada ya mashine kuzimwa, nami sikumbuki semina yoyote iliyowahi kuligusa suala hilo la maadili kwa ukali kama ule. Katika kurasa zetu tumezoea kuandika “jamii” bila ya kuiuliza neno.

Limebaki jina. Kismet limeingia Kiingereza kwa njia ya Kituruki kutoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni fungu la mtu; Kiswahili kina kismati, na kasimu ni la mzizi huo huo. Lakini neno la filamu ni la ajali isiyoepukika, ilhali kismati yetu imeelemea upande wa bahati njema. Nilikuwa nimeandika “Kismati” juu ya tafsiri yangu, nikidhani kazi imekwisha. Kijana mmoja akakataa. Haji, alisema, hakuwa na kismati yoyote. Alikuwa na ulimi.

Nimelifuta neno hilo, na mahali pake pangali patupu.