Jivu, Chumvi na Tui Zito

Ushauri unaozunguka zaidi baina ya wapenda bustani wa Mombasa ni ule wa jivu. Mche ukinyong'onyea, jirani atakwambia utie jivu. Majani yakitobolewa, jivu. Mbegu zikichelewa kuota, jivu tena. Ushauri huu una asili yake, na huko ulikotoka unafanya kazi vizuri. Nyanda za juu za Kenya, kule chai inakostawi, udongo una asidi, na jivu la kuni huipunguza asidi hiyo na kuuongezea udongo potasiamu. Mtu akihama kutoka huko kuja Kisauni huja na ujuzi wake, akaugawa kwa moyo mweupe. Udongo alioacha nyuma haukuja naye.

Bamburi, Nyali na sehemu kubwa ya Kisauni iliyo karibu na bahari zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo ni chokaa. Udongo mwembamba ulio juu yake tayari umeelemea upande wa alkali, na kuutia jivu ni kuuzidishia ugonjwa ulio nao. Udongo wa namna hiyo hukifunga chuma, mizizi isiweze kukinyonya hata kama kipo tele. Dalili yake ni rahisi kuijua: majani machanga ya juu hugeuka manjano, lakini mishipa yake hubaki kijani. Mwenye bustani huona manjano, akadhani mmea una njaa, akaongeza jivu. Wiki mbili baadaye manjano yamezidi.

Likoni nako kuna shida ya namna nyingine. Mahali pengi ni mchanga, na maji unayomwaga asubuhi yamekwisha kushuka kabla ya adhuhuri, yakashuka na mbolea uliyoinunua kwa pesa. Changamwe, Mikindani na Miritini udongo ni mfinyanzi mzito. Mvua za mwaka zikija, mwezi wa Mei hasa, mizizi huzama ikakosa hewa. Kaskazi ikivuma, ardhi ile ile hupasuka nyufa. Jivu halimponyi mgonjwa hata mmoja kati ya hawa watatu. Kinachowaponya wote ni mboji, kwa sababu katika mchanga hushika maji, katika mfinyanzi hufungua njia ya hewa, na katika udongo wa chokaa husaidia kukifungua chuma kilichofungika.

Mtu asiyeamini kwamba udongo unaweza kutengenezwa mahali usipokuwapo, ushahidi anao karibu, hapo Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba matumbawe hadi karibu na maji ya ardhini, kikaacha mashimo makubwa yenye sakafu ya mwamba mtupu, jua likichoma juu na maji ya chumvi yakiwa chini kidogo tu. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda miti ndani ya mashimo hayo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa Pembe ya Afrika uitwao Conocarpus.

Mvinje ndio uliobeba kazi yote. Unavumilia chumvi, na katika mizizi yake huishi bakteria waitwao Frankia, wanaoichukua nitrojeni ya hewani na kuutengenezea mti chakula. Kwa hiyo mti uliweza kukua mahali pasipo na udongo. Ila hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo kila mwenye rundo la takataka zisizooza analijua. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalidondoka yakalundikana, yakakaa hapo makavu bila kuoza. Yana tanini nyingi, na wadudu wa kuyala hawakuwapo.

Ufumbuzi ulikuwa jongoo. Majongoo wakubwa wenye miguu myekundu, wale wale tunaowaona ukutani baada ya mvua, walionekana wakila majani ya mvinje. Wakakusanywa kwa mamia wakaachwa msituni. Walikula sindano zile, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria waliomalizia kazi. Tabaka la mboji likaanza kujengeka juu ya mwamba, kisha ikapandwa miti mingine, wakaja ndege na wanyama, na leo ndipo penye Haller Park. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bustanini neno hilo lichukuliwe kama lilivyo: anayemfagia jongoo kutoka kwenye rundo lake la mboji anamfukuza kibarua asiyedai mshahara.

Nimekaa sana kwenye habari ya Bamburi kwa sababu mpango wake ndio mpango wa gunia la kulimia mboga uani. Kwanza unatafuta kinachostahimili hali iliyopo, kisha unakipa kitu cha kukila, ndipo unapanda unachokitaka. Wengi wetu huanza mwisho. Hununua miche ya sukuma wiki, wakaitia kwenye mchanga mtupu, halafu wakaanza kutafuta dawa.

Gunia lenyewe hujazwa hivi. Chagua la rangi nyeupe. Mifuko myeusi ya plastiki huchemsha mizizi katika joto letu. Udongo uwe sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyooza sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja. Makumbi hushika maji kuliko kitu kingine chochote kipatikanacho bure pwani, lakini yana chumvi zake, na yaliyowahi kulowekwa ufuoni kwa ajili ya kamba yana chumvi zaidi. Yaloweke katika maji matamu siku mbili tatu, yamwage, urudie. Katikati ya gunia simamisha kopo kubwa lililotolewa kitako, lijaze mawe, zungushia udongo, kisha livute juu ulijaze tena, hadi upate nguzo ya mawe kutoka chini mpaka juu. Maji yatashuka humo na kufika mizizi ya pande zote. Kwa nguzo hiyo watu hutumia kokoto za matumbawe kwa sababu ndizo zilizo karibu. Mimi naona ni kosa, kwani huko ni kupanda chokaa katikati ya bustani uliyoihangaikia. Vifuu vilivyovunjwa hufanya kazi ile ile, na nyumba inayopikia nazi haivikosi.

Kisha yaja maji, na hapa ndipo bustani zetu nyingi hufia. Maji matamu ya mfereji hutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, nayo huja kwa zamu. Mifereji ikikauka tunanunua mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, na hakuna mwenye akili atakayemwagia mchicha maji ya kununua kila jioni. Kinachobaki ni kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

Chumvi hailiui gunia siku moja. Kila unapomwagia, maji hupanda hewani na chumvi hubaki. Unaongeza maji, unaongeza chumvi. Baada ya muda utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za gunia, na ncha za majani zitakauka kama zilizounguzwa. Watu huona majani yamekauka wakadhani ni kiu, wakamwagia kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Hilo ndilo linalozidisha. Maji kidogo hulowesha juu tu na kuiacha chumvi pale pale mizizi ilipo. Mwagia mara moja, asubuhi, mengi, hadi yatiririke chini ya gunia, ili yaisukume chumvi itoke. Mwagia shinani, kwa sababu maji ya chumvi yakikaukia juu ya jani huliunguza. Funika udongo kwa makuti makuukuu au majani makavu ili jua lisinyonye maji. Mvua ikinyesha, iache ilioshe gunia. Usiliingize kibarazani kwa huruma.

Maji matamu machache uliyonayo yahifadhie mbegu. Mbegu inayoota na mche wa wiki ya kwanza ndio dhaifu mbele ya chumvi. Mche ukisimama, uzoeze maji ya kisima taratibu. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri. Ya kufulia nguo yaepuke, kwani sabuni nyingi zina sodiamu, na sodiamu ndiyo hiyo hiyo unayoikimbia kisimani. Mbolea ya kuku nayo ina chumvi nyingi. Itumie kidogo, tena iliyooza.

Baada ya hapo chagua mboga kulingana na maji. Maji ambayo ulimi unaihisi chumvi yake kwa mbali tu tayari yanadhuru maharagwe, karoti na vitunguu. Kunde na mchicha huvumilia zaidi. Inayozishinda zote ni spinachi hii yetu ya majani mapana na shina nene. Ni ndugu wa damu wa kiazi-sukari kile chekundu, na babu yao wa porini huota kando ya bahari huko Ulaya. Anayelima kwa maji ya kisima Likoni na hana spinachi anajinyima bila sababu.

Kwa wenzetu wa upande wa Changamwe kuna jambo zito zaidi ya chumvi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia watu sumu ya risasi katika damu na ardhi yao. Wakazi, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haiozi wala haichujiki kwa mvua. Hukaa kwenye udongo wa juu miaka na miaka. Anayelima karibu na mahali palipowahi kuwa na kazi ya betri, gereji ya zamani, au ukuta wenye rangi kuukuu inayobambuka, asilime ardhini. Alete udongo kutoka kwingine, aulimie kwenye gunia, afunike ardhi inayozunguka ili vumbi lisipande, na aoshe majani kwa maji yanayotiririka. Risasi nyingi humfikia mlaji kupitia vumbi lililoganda juu ya majani na udongo ulioshika kwenye viazi na mihogo. Bamia, bilingani na nyanya ni salama zaidi kwa sababu risasi hufika kwenye tunda kwa shida. Watoto wanaosaidia kupalilia waoshwe mikono kabla ya kugusa chochote cha kula. Hili silisemi kwa kutishia watu. Bustani iliyoinuliwa juu ya ardhi chafu inaweza kulisha nyumba vizuri.

Sasa jikoni, ambako kila kilichofanywa kwenye gunia hujionyesha. Mchicha huwa tayari wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa. Uliokosa maji hukimbilia kutoa maua mapema, na ukishatoa maua majani huwa magumu, hakuna upishi wa kuyarudisha. Osha majani kabla ya kukata, la sivyo utamu na vitamini vitakwenda na maji. Spinachi iliyokuzwa kwa maji ya kisima huihifadhi chumvi katika majani yake, kwa hiyo onja kwanza; mara nyingi nusu ya chumvi uliyozoea hutosha.

Tui likikatika, lawama hutupiwa nazi. Mara nyingi nazi haina kosa. Mafuta ya tui hushikiliwa ndani ya maji na protini za nazi yenyewe, na protini hizo huanza kuganda joto likipita nyuzi 80 hivi. Zikiganda, mafuta hujitenga yakaelea. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju huharakisha mambo. Kuna nazi kwenye mbuzi, tia maji ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu, ulitenge tui zito. Rudia upate tui jepesi. Kaanga kitunguu, tia nyanya, uzipike mpaka maji yake yakauke kabisa. Tia tui jepesi na mchicha, acha uive. Hili la pili likikatika halikudhuru sana, mafuta yake ni machache. Tui zito lingoje mwisho: punguza makaa, mimina, koroga, na lianzapo kutoa vipovu vya pembeni epua. Mafundi wengi husisitiza ukoroge kuelekea upande mmoja. Upande hauna kazi; kinachosaidia ni mwendo usiokatika na moto mdogo. Mafuta hayo si ya ladha peke yake, kwani chanzo cha vitamini A kilichomo ndani ya majani ya kijani mwili hukipata vizuri kukiwa na mafuta.

Kisamvu kina sheria yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kinu ndicho kinachoianza kazi ya kuitoa: majani yakipondwa, vimeng'enya vyake huivunja sumu igeuke mvuke. Kwa hiyo twanga hadi yalainike, uyachemshe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Anayeyakatakata kwa kisu na kufunika ili kuokoa makaa anaifungia sumu ndani. Tui liingie baada ya hapo.

Machicha yatakayobaki kwenye kifumbu bado yana mafuta. Yakitupwa juu ya gunia yatachacha na kuita panya na sisimizi. Mwenye kuku awape kuku. Asiye nao ayachanganye na majani makavu mara tatu ya wingi wake, ayafukie katikati ya rundo la mboji, na asilifunue hadi harufu ya nazi iishe.